Kazi naianza kwenye simu, namalizia kwenye laptopu, na kila mara kuna kitu kinaharibika. Nyie mnataka programu ya dizaini iweje?

Binti_Makorora

Wakuu habari za jioni. Mie nipo hapa Tanga mjini, nafanya kadi za mchango, kadi za harusi, mabango ya sendofu na msimu wa maulidi ukifika napata matangazo ya madrasa. Vifaa vyangu ni simu ya Android ya RAM 4GB, laptopu ya kaka ambayo naipata usiku tu akisharudi kazini, na sasa hivi kuna tableti nimeazimwa na binamu yangu.

Wiki iliyopita nilipata kazi Pongwe, bango la sendofu futi 6 kwa 4. Nikalianza kwenye simu humohumo kwenye daladala, likatoka vizuri, mama wa bibi harusi akalipitisha WhatsApp palepale. Usiku napigiwa simu ukumbi umebadilika. Nafungua laptopu nibadilishe neno moja tu, kumbe ile apu inasevu kazi kwa faili ya kwake mwenyewe ambayo laptopu haiitambui, nilichobaki nacho ni picha. Ikabidi nipake rangi juu ya jina la ukumbi wa zamani nikaandike jipya kwa fonti inayokaribiana, asubuhi nikapeleka kuprinti. Likatoka maandishi yana ukungu, halafu ile bluu waliyoichagua kwa ajili ya vitambaa vya ukumbi imegeuka zambarau. Mama wa watu alilipokea akanyamaza. Angenigombeza ningejua pa kujitetea, kile kimya kimeniuma mpaka leo, na hela iliyobaki sikuidai.

Sasa naomba kujua, wenzangu mnaohamahama kifaa mnatumia programu gani, na kama ungekaa na hao wanaozitengeneza ungewaomba nini? Mie ombi langu ni moja, nikianza kazi kwenye simu niikute vilevile kwenye laptopu, na leya zake (yale matabaka ya kazi), na fonti zake, maandishi yakiwa bado maandishi.

Fundi_wa_Fleksi

Pole mdogo wangu. Mie ndo hao wa upande wa mashine za kuprinti, nipo Ngamiani, na hilo lililokukuta naliona karibu kila siku ya Mungu. Ngoja nikueleze maana yamekukuta mawili tofauti.

Ukungu kwanza. Nahisi uliweka ukubwa wa picha ya status, pikseli (vinukta vya picha) 1920 upande mrefu. Futi 6 ni inchi 72, gawa 1920 kwa 72 unapata pikseli 26 na kidogo kwa kila inchi. Bango la kutazamwa kwa mbali mie naomba angalau 100 kwa inchi, kwa hiyo lako lilitakiwa liwe 7200 kwa 4800. Kadi ya kushikwa mkononi ni 300, yaani A4 ni 2480 kwa 3508. Na ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa tena, tuma kama dokumenti.

Rangi sasa. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu. Mashine yangu inatumia wino, saiyani, majenta, njano na nyeusi. Ile bluu inayowaka kwenye simu haipo kwenye wino, mashine inaitafuta kwa kuchanganya saiyani na majenta, majenta ikizidi ndo unapata hiyo zambarau yako. Ukiwa kwenye programu yenye CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, weka saiyani 100 na majenta isizidi 70, itabaki bluu.

Mie ombi langu kwa watengenezaji ni hilo. Apu ya simu tangu unapofungua ukurasa ikuulize, hii kazi ni ya skrini au ya kuprinti? Ukisema ya kuprinti ikuonyeshe rangi zitakavyotoka kwenye wino hapohapo kabla mteja hajapitisha. Maana mteja anapitisha mwanga halafu mie namkabidhi wino, lawama inakuja kwangu au kwa dizaina wakati hakuna aliyemdanganya.

La pili, matoleo. Mtu kafanya kazi kwenye CorelDRAW mpya, ile programu ya dizaini ya kompyuta, analeta faili, hapa dukani lipo toleo la nyuma, haifunguki. Inabidi akumbuke kuisevu kwa toleo la zamani na wengi hawajui kama hilo linawezekana. Nileteeni PDF, na maandishi mgeuze yawe michoro kabla hamjatoka nyumbani, kwenye Corel ni Ctrl+Q. Ila tunzeni na nakala ambayo hamjaigeuza, maana ukishageuza huwezi kusahihisha jina tena.

Kijana_wa_Duga

Mie sina laptopu wala tableti nina simu tu na nimeshafanya mabango ya mechi, vipeperushi vya saluni, lebo za achari na asali kwa simu hiihii, kwa hiyo naomba kwenye huu mjadala simu isichukuliwe kama kituo cha kupita tu cha kuelekea kwenye laptopu, kwa wengi wetu ndo kituo chenyewe. Mtu anapotengeneza programu ya simu anatutolea vitu, anasema CMYK mtaikuta kwenye kompyuta, sijui kusevu PDF safi mtaikuta kwenye kompyuta, sasa asiye na kompyuta aende wapi?

Ninavyovitaka nitavisema kama vinavyonijia. Ifanye kazi bila intaneti, hilo kwanza kabisa, bando likiisha saa tano usiku mteja anasubiri saa moja asubuhi siwezi kuambiwa ingia tena kwenye akaunti. Isevu yenyewe kila baada ya muda mfupi maana simu ikipigwa katikati ya kazi na RAM ni ndogo apu inafungwa nyuma unarudi unakuta ukurasa mweupe, imenitokea na lebo za mteja nikaanza upya mara tatu usiku mmoja. Vitufe viwe vya kidole gumba, siyo kuchukua menyu ya kompyuta kuiminya mpaka unataka kugusa leya ya chini unagusa ya juu. Na malipo. Wanataka kadi ya benki na dola kila mwezi, mie kipato changu kinakuja kwa kazi, wiki hii ipo wiki ijayo hamna. Niuzieni kwa siku au kwa wiki kama bando, nilipe kwa M-Pesa au Airtel Money, nitalipa na nitalipa kwa furaha, sitafuti vya wizi. Hizi za wizi wanazosambaziana kwenye magrupu zinakuja na virusi, rafiki yangu kapoteza picha za mwaka mzima.

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mimi hutengeneza vijitabu vya madrasa na ratiba za shule, kompyuta ya mezani pamoja na tableti. Naongeza jambo ambalo halijaguswa, lugha.

Kiarabu huandikwa kutoka kulia na herufi zake hushikana. Naandika Bismillah kwenye kompyuta inakaa sawasawa, nafungua faili hiyohiyo kwenye programu nyingine ndani ya tableti, herufi zimeachana moja moja na zimepangika kutoka kushoto. Asiyesoma Kiarabu hawezi kuona kosa, ataprinti na kutundika msikitini. Jina la Mwenyezi Mungu likivunjika namna ile ni jambo zito kwa watu wetu, hata kama ni la bahati mbaya. Programu ya kuchora ya Inkscape kwa upande huu imenisaidia sana, ni ya bure na Kiarabu hukipanga vema, lakini ipo kwenye kompyuta tu.

Kiswahili nacho. Majina na maneno yenye ng', ile alama programu huigeuza ikaangalia upande usio wake, na nikihamisha kazi kifaa kingine hugeuka tena. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili katika programu hizi ni nadra, matokeo yake kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu na kosa halisi hulioni. Ningeomba hilo kabla ya mapambo yote wanayoyaongeza kila mwaka.

Dizaina_Raskazone

Shikamoo mwalimu, hilo la Kiarabu ni kweli tupu, mie huwa naliandika kwenye programu inayoliweza kisha naligeuza mchoro ndo nalihamisha, hapo haliwezi kuachana tena.

Mie natumia laptopu na iPad. Dada Binti nakuelewa lakini sikubaliani na wazo la kusubiri programu moja itakayofanana kila mahali. Kampuni zinanunuliwa, bei zinabadilika, wewe unabaki na kazi zako ndani ya nyumba ya mtu. Adobe, wenye Photoshop na Illustrator, mwaka 2013 walitangaza kuachana na kuuza programu mara moja, kuanzia hapo ni kulipia kila mwezi. Programu ya dizaini ya Affinity ya Uingereza ilipendwa kwa sababu unanunua mara moja, na kwenye iPad ilikuwa programu kamili siyo kipande, mwaka 2024 ikanunuliwa na Canva ya Australia, mwishoni mwa 2025 wakaitoa bure kwa Windows na Mac. Tumefurahi, mie mwenyewe nimefurahi, lakini Android haipo, kwa hiyo kwa mwenye simu kama yako na ya kijana wa Duga habari hiyo haibadilishi kitu.

Kwa hiyo mie naangalia faili kabla ya programu. Kabla hujaanza kazi yoyote ya mteja jiulize hii apu inaweza kunitolea PSD (faili ya Photoshop yenye leya), SVG (faili ya michoro) au PDF yenye maandishi hai, yaani yanayoweza kusahihishwa? Kama inatoa picha za PNG na JPG peke yake, tumia kwa status basi. Jaribu Photopea, inafunguka kwenye kivinjari, simu, tableti na laptopu ni ileile, inafungua PSD na kusevu PSD, ni bure ila ina matangazo pembeni. Kazi inafanyika ndani ya kifaa chako, faili haipandishwi kokote, na ikishafunguka inaendelea hata mtandao ukikata. Kwenye skrini ndogo inabana, hilo sikufichi.

Ombi langu kwa watengenezaji, wakubaliane hata njia za mkato za kibodi. Ctrl+D kwenye Corel inakuongezea nakala, kwenye Photoshop inaondoa uteuzi, kwenye Illustrator inarudia ulivyosogeza au kuzungusha kitu mara ya mwisho. Mkono umezoea huku unaharibu kule. Na kalamu ya tableti iwe na kazi ya kalamu, siyo kuwa kidole chembamba.

Kijana_wa_Duga

Kaka Raskazone hapo kwenye faili nimekuelewa na nitaanza kuangalia hivyo. Ila kivinjari kinakula bando kila unapofungua upya, ndo maana nasema apu ya kukaa ndani ya simu bado tunaihitaji. Tukisema kila kitu kiwe kwenye kivinjari tunarudi kulekule kwa kumuacha mwenye bando dogo.

Fundi_wa_Fleksi

Kijana ana hoja. Na umeme ukikatika mnara nao unasumbua, kuna siku mteja kasimama mbele yangu kaunta, kazi yake ipo mtandaoni, mtandao hamna, tunatazamana tu. Faili iwe na nakala mkononi, hata kwenye flashi.

Binti_Makorora

Nawashukuru sana, shikamoo mwalimu. Jana usiku nimekaa na hii kitu mpaka saa saba. Nimefungua Photopea kwenye laptopu, nikatengeneza bango jipya la 7200 kwa 4800, laptopu ikawa nzito mno, nikapunguza mpaka nusu ya hapo ikaenda, yaani ni pikseli 50 kwa inchi, fundi utaniambia kama inafaa. Nikasevu PSD nikaihamishia kwenye simu kwa waya. Imefunguka! Leya zote zipo na majina yake. Fonti mara ya kwanza ilikuja nyingine, nikagundua lazima faili ya fonti niiweke kila kifaa mwenyewe, nimeichukua Google Fonts ileile kwenye vyote vitatu na sasa hazipishani. Nikabadili jina la ukumbi kwenye simu, nikarudisha laptopu, likawa limebadilika na limebaki maandishi. Wenye uzoefu mtaliona dogo lakini mie nililia kidogo.

Kwenye simu inabana kweli kama alivyosema kaka Raskazone, kwa hiyo simu nitaitumia kurekebisha maneno na kumuonyesha mteja, kujenga nitajengea tableti.

Imebaki rangi. Kaka fundi, naomba Jumamosi nije dukani na kipande kidogo cha fleksi (ile turubai ya mabango), futi 1 kwa 1, nimepanga vibluu kumi na viwili na namba zake za wino pembeni. Nitalipia. Nataka nikitoka nacho niwe nakiweka mezani mteja achague bluu kwa kukishika, simu iwe ya kuonyeshea mpangilio tu. Na yule mama wa Pongwe ana binti mwingine anaolewa mwezi wa kumi na mbili, kanipigia leo asubuhi anauliza bei ya kadi. Unafungua saa ngapi?

Fundi_wa_Fleksi

Saa mbili nipo. Mie naomba 100, ila hata hamsini kwa inchi kwa bango la kusoma ukiwa umesimama mbali inakubalika, maandishi membamba tu ndo yatakusaliti, weka manene. Kipande usilipie, niletee na faili yake nitakiprinti viwili, kimoja nibandike hapa kaunta.