Njia za mkato za kibodi kwenye programu ya Kiswahili: nifuate herufi zipi?

Fundi_Nzuguni aliuliza:

Habari zenu wakuu. Niko Nzuguni, Dodoma. Kwa miezi minane sasa natengeneza programu ya ofisi kwa ajili ya chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti huku Kongwa. Ina sehemu tatu: daftari la mizani, stakabadhi za wakulima, na barua. Menyu zote ni za Kiswahili. Makarani wenyewe ndio waliotaka hivyo, na mimi naona ndivyo inavyotakiwa.

Kosa nililofanya ni kujenga kila sehemu kivyake, na njia za mkato nikawa naweka ile inayonijia siku hiyo. Kwenye daftari la mizani, Ctrl+R ikawa "rudia mstari". Mkulima mmoja akileta magunia kumi na tano, karani asihangaike kuandika jina lake mara kumi na tano. Kwenye stakabadhi, Ctrl+R nikaifanya "rudisha", yaani kuifuta stakabadhi uliyokwisha kutoa.

Wiki iliyopita nilikwenda kushinda nao siku nzima. Ni msimu, foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi chini ya mbuyu. Karani mmoja, dada anayeandika bila kutazama kibodi, kidole chake kidogo cha kushoto hakitoki kwenye Ctrl. Akahama dirisha, mkono ukaendelea na mazoea yake: Ctrl+R, Ctrl+R, Ctrl+R. Alipoinua macho, stakabadhi tatu zilikuwa zimefutika. Wenyewe walishaondoka na karatasi zao mkononi, lakini kwenye kompyuta hawamo. Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukiziingiza upya kutoka kwenye kopi za karatasi.

Yule dada aliniomba radhi. Tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu kosa ni langu na aliyeomba radhi ni yeye.

Sasa napanga zote upya. Nilifikiria kutumia herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili: Hifadhi H, Nakili N, Bandika B, Kata K, Tafuta T, Chapa C. Ukiitazama inapendeza. Lakini Chapa ikiwa Ctrl+C, mtu anataka kunakili na printa inaanza kunguruma. Mnashauri nini? Na vitufe vya F1 hadi F12 vinafaa? Kwenye laptop zao ukibonyeza F2 sauti inapungua.

Mkazi_wa_Makole:

Mkuu, S, Z, X, C, V na P (kuhifadhi, kutendua kosa, kukata, kunakili, kubandika na kuchapa) usiziguse kabisa. Word ya Kihispania ilifuata wazo kama lako: kuhifadhi ni Ctrl+G, kwa sababu kwao ni "guardar", na kukoleza maandishi ni Ctrl+N, kwa "negrita". Mtu aliyezoea hiyo akikaa kwenye Word ya Kiingereza akitaka kukoleza neno, anafunguliwa waraka mpya. Makarani wako wana Excel hapo hapo mezani. Ukiwapa herufi tofauti, watakuwa wanakosea huku na kule.

Halafu hiyo "rudia mstari" ipe Ctrl+D. Kwenye Excel, Ctrl+D inashusha kilichoko kwenye kisanduku cha juu, na hicho ndicho karani wako anachotaka. Wengi watakuwa wanaijua tayari.

Mhazili_Mstaafu:

Mwanangu, pole kwa yaliyowapata, na umefanya vizuri kwenda kukaa nao. Wengi waliotutengenezea programu hatukuwahi kuwaona.

Nilisomea uhazili Tabora, enzi za taipureta, nikafanya kazi hiyo miaka thelathini na mbili, zaidi ya nusu yake hapa Dodoma. Kompyuta zilipoingia ofisini tulianza na WordPerfect, programu ya kuandikia barua kabla ya Word. Juu ya vitufe vya F tulikuwa tunaweka karatasi ndefu yenye rangi: nyeusi ni kitufe peke yake, kijani ni pamoja na Shift, bluu ni Alt, nyekundu ni Ctrl. F7 pekee ilikuwa kutoka, F7 na Shift kuchapa. Tulikariri kama meza ya kuzidisha. F1 ilikuwa kughairi. Baadaye ofisi ikahamia Word, ambako F1 ni msaada. Miezi mingi kila nikitaka kughairi nabonyeza F1, linafunguka dirisha la msaada katikati ya barua ya bosi. Kichwa kilikuwa kinajua kabisa kwamba mambo yamebadilika. Vidole ndivyo vilivyokuwa havijaambiwa.

Kwa hiyo sikiliza. Karani aliyeiva hafikirii herufi, anafikiria mahali. Weka mkono wako wa kushoto kwenye kibodi sasa hivi, kidole kidogo kwenye Ctrl. Z, X, C na V zimepangana mstari wa chini, zote unazifikia bila kuinua kiganja, na mkono wa kulia umebaki kwenye mausi. Hilo halina Kiingereza wala Kiswahili.

La pili ndilo kubwa kwangu. Kufuta stakabadhi kusiwe na njia ya mkato yoyote. Jambo linalofanyika mara mbili kwa wiki na lina fedha za mtu ndani yake, acha karani aende kwenye menyu alitafute. Na ile meseji ya "Una uhakika?" isikutulize. Mimi nilikuwa naibonyezea Enter kabla sijamaliza kuisoma, na kila mchapaji mwepesi anafanya hivyo. Ukiiweka, Enter imaanishe "Hapana". Bora zaidi, stakabadhi iliyofutwa isitoweke. Ikae mahali, na Ctrl+Z iirudishe.

La tatu, Kiswahili chako usikitupe. Kina nafasi yake kwenye menyu: ile herufi iliyopigiwa mstari, ambayo unaifikia kwa Alt. Hapo mtu anasoma kwa macho, na H ya Hifadhi inamwelekeza kweli. Mgeni wa kazi ataanza na Alt, atakayezoea atahamia Ctrl mwenyewe. Kwenye menyu hiyo hiyo, mbele ya neno Hifadhi, andika Ctrl+S. Mimi nilijifunza nyingi kwa kuziona hapo kila siku.

Vitufe vya F vitumie, ila visiwe njia pekee. Laptop nyingi zinakudai ushike na Fn.

Kijana_wa_UDOM:

Shikamoo mama. Naongezea kidogo kwa aliyosema kuhusu mahali. Herufi hizo zilikuwepo kwenye kompyuta ya Lisa ya Apple mwaka 1983. Larry Tesler, ambaye kazi ya kukata na kubandika aliianza akiwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, miaka ya 1970, alikuwa mmoja wa waliokuwa kwenye timu hiyo. Angalieni hata kwa Kiingereza: kubandika ni "paste" na herufi yake ni V, kutendua ni "undo" na herufi yake ni Z. Kumbe hata wenyewe hawakufuata herufi ya kwanza.

Fundi, kama siku moja utaihamishia kwenye kivinjari, kumbuka Chrome haikuruhusu kuchukua Ctrl+N, Ctrl+T wala Ctrl+W. Na Ctrl+Alt na herufi iepuke kwenye Windows, kwa sababu kwa kibodi za nchi nyingi za Ulaya ni sawasawa na AltGr, ile Alt ya kulia, ambayo watu wanaandikia alama za kawaida.

Fundi_Nzuguni:

Shikamoo mama, na asanteni wote. Juzi na jana nimekaa na daftari nikapanga. Za Ctrl zinabaki zile zinazojulikana duniani, zenye maana moja kwenye sehemu zote tatu. Kurudia mstari ni Ctrl+D. Kama amri haina kazi kwenye dirisha fulani, kitufe kinanyamaza tu, hakipewi kazi nyingine. "Rudisha stakabadhi" nimeinyang'anya njia ya mkato, na stakabadhi iliyofutwa sasa inabaki kwenye orodha ikiwa imepigwa mstari.

Kwenye Alt nilikwama mahali ambapo sikutegemea. Vichwa vyangu vya menyu ni Mizani, Mkulima, Mizigo, Malipo, Msaada. Vyote M! Kiswahili kinaweka viambishi mbele, kwa hiyo herufi ya kwanza mara nyingi haikuambii neno lenyewe. Nimeamua kupigia mstari herufi ya ndani inayosikika: miZani, mKulima, maLipo, mSaada. Mizigo nayo ina Z, ikabidi niipe G.

Jumatatu naipeleka Kongwa. Sitamweleza yule dada chochote kuhusu herufi. Nitakaa nyuma yake na daftari, na kila mahali mkono wake utakaposita nitapaandika.