Naomba ushauri: binti yangu anataka nami nivae vazi la kuigiza usiku wa Halloween

Mnyamwezi_Ughaibuni (mtoa mada)

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Virginia, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Binti yetu, ambaye yuko darasa la kwanza, amekwisha kuamua kwamba tarehe 31 Oktoba atakuwa nyuki atakapopita nyumba kwa nyumba na wenzake kuomba peremende, na mdogo wake atavaa chochote atakachovishwa. Kuhusu watoto sina neno. Shida ilianza pale binti alipotangaza mezani kwamba baba za rafiki zake nao huvaa, na kwamba ni lazima mimi pia niwe kitu fulani. Mama yake alikubali papo hapo, wala hakuhitaji kubembelezwa.

Mimi ni mtu wa Tabora, nimelelewa nikijua kwamba baba mwenye familia hazunguki mitaani usiku akiwa amejigeuza, na picha zikishafika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nitaulizwa kama akili zangu zimo. Hilo naweza kulivumilia. Linaloninyima usingizi ni kwamba mimi ni mwanamume mweusi, mrefu, mwenye lafudhi ya kigeni, na sioni kama ni busara kusogelea milango ya watu nisiowafahamu, gizani, nikiwa nimefunika uso. Je, sheria inaruhusu? Na nikikataa, nitaonekana mzazi wa ajabu? Naomba majibu ya waliokwisha kulipitia jambo hili.

Mama_Pacha

Shemeji, ondoa hofu kuhusu kuonekana wa ajabu. Mtaani kwetu wazazi wengi hutoka na jaketi zao za kila siku na tochi mkononi, wengine huvaa familia nzima kwa mtindo mmoja, na sijasikia upande mmoja ukiusema mwingine. Watu huangalia zaidi namna mzazi anavyojiweka: anabaki kwenye njia ya waenda kwa miguu huku mtoto akipanda barazani kugonga, anamkumbusha kushukuru, hanyooshi mfuko wake mwenyewe, na nyumba iliyozimwa taa ya mbele anaipita, kwa kuwa wenyewe hawashiriki. Ukiyafanya hayo, vazi ni nyongeza tu, na kwa mtoto wa umri huo ni nyongeza inayomfurahisha sana, kwa sababu baba amekubali kuingia katika mchezo alioupanga yeye.

Msoma_Vifungu

Mimi si wakili, ila kwa kuwa umetaja Virginia naweza kukusaidia kidogo. Sheria ya jimbo hilo inamkataza mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 kufunika uso hadharani kwa nia ya kuficha utambulisho wake, lakini sheria hiyo hiyo inayaacha nje mavazi ya kimila ya sikukuu, kwa hiyo Halloween haikuingizi matatani. Usichanganye hilo na ile habari ya mji wa Chesapeake, ambako kanuni ya mwaka 1970 iliwazuia wenye umri wa zaidi ya miaka 12 kuomba peremende, tena kwa tishio la kifungo, hadi mwaka 2019 umri ulipopandishwa kuwa miaka 14. Kanuni hiyo inawahusu waombaji, na wewe ni msindikizaji.

Hata hivyo, hofu yako ya pili siichukulii kuwa ya kupuuzwa. Mwezi Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, kijana wa Kijapani aliyeitwa Yoshihiro Hattori, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa akienda kwenye sherehe ya Halloween, akakosea nyumba, na mwenye nyumba akampiga risasi akafa. Mahakama ya jinai haikumtia hatiani aliyefyatua. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uso wako uonekane, usibebe silaha ya bandia ya aina yoyote, hata upanga wa plastiki wa mwanao, na uwe karibu na watoto kiasi cha kila mtu kutambua kwamba ninyi ni familia moja.

Kisauni_hadi_Minnesota

Sisi nyumbani hatushiriki kwa sababu za dini, na watoto wetu wamelizoea hilo bila machozi, kwa hiyo nina mashaka na hoja kwamba mtoto atavunjika moyo. Lakini hata ningekuwa nashiriki, nisingevaa. Mtoto anahitaji kumwona mtu mzima aliye mtu mzima, hasa usiku wenye vurugu. Kwa wenzangu Waislamu watakaotoka, chunguzeni zile peremende laini za kutafuna, kwani nyingi huwekwa jelatini ya nguruwe.

Mtu_wa_Newala

Kaka wa Kisauni, ninaheshimu msimamo wa dini, ila hoja ya utu uzima inanitatiza. Kwetu Umakondeni anayecheza ndani ya kinyago cha mapiko, ngoma yetu ya jadi, ni mwanamume mzima, na kazi hiyo hapewi mtoto. Kujigeuza kwa siku maalumu hakujawahi kumpunguzia mtu heshima. Tofauti ni kwamba mchezaji wa mapiko hatakiwi kujulikana ni nani, ilhali mtoa mada anatakiwa ajulikane mara moja.

Mtoa mada, umesema unatoka Tabora, kwenye asali, na binti yako ni nyuki. Jibu si liko hapo? Kuwa mfuga nyuki! Ovaroli nyeupe ya kazi, kofia pana yenye chandarua ambacho unaweza kukipandisha ili uso uwe wazi, na ndoo iliyoandikwa ASALI ya kumsaidia binti peremende zikimlemea. Weupe una faida kubwa kuliko urembo, kwani madereva watakuona gizani: watafiti waliochambua vifo vya barabarani Marekani kuanzia mwaka 1975 hadi 2016 waliona kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween ilikuwa juu kwa asilimia 43 kuliko jioni za kawaida walizozilinganisha nayo. Bandika na utepe unaoakisi mwanga kwenye mbawa za nyuki wako, na pindo la vazi lake lisiguse chini.

Mnyamwezi_Ughaibuni (mtoa mada)

Nashukuru sana nyote. Babu yangu alitundika mizinga ya magogo maisha yake yote, kwa hiyo ukoo utapata shida kunicheka. Binti ameafiki, kwa sharti kwamba mdogo wake awe ua. Swali la mwisho: ovaroli hiyo itatosha kwa baridi ya huku?

Mama_Pacha

Haitatosha. Nunua iliyozidi saizi yako moja ili sweta liingie ndani, na nyuki umnunulie vazi pana vilevile, la sivyo atalazimika kuvaa koti juu ya mbawa na hapo mtarudi nyumbani mapema.