Dubu, Chatu na Tarumbeta: Gumzo la Familia kuhusu Filamu ya Jumamosi

Dada Mkubwa: Shikamooni wazazi wetu. Jumamosi wajukuu wote watalala hapa kwangu, kuanzia wa miaka minne hadi wa miaka kumi na mitatu, na ninaomba tukubaliane mapema filamu ya kuwaonyesha baada ya chakula cha jioni. Ninapendekeza *The Jungle Book* ya mwaka 2016, ambayo wanyama wake wametengenezwa kwa kompyuta kwa ustadi mkubwa. Ile ya katuni ni ya mwaka 1967, na nina wasiwasi kwamba wakubwa wataiona ya kizamani.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Ya mwaka 2016 ni kazi nzuri na sina ugomvi nayo, lakini kwa watoto wa umri tofauti namna hiyo, ambao baadhi yao Kiingereza bado hakijawakaa, ningeomba muwaonyeshe ile ya zamani. Filamu hiyo imejengwa juu ya sauti. Kila mnyama amepewa muziki wake, na ukiufuata muziki huo unajua nani wa kupendwa, nani wa kuogopwa na nani haaminiki, hata kabla hujaelewa neno moja la mazungumzo. Isitoshe, ina dakika 78 tu, kwa hiyo hata yule wa miaka minne ataimaliza kabla usingizi haujamchukua.

Mama Mdogo: Kaka, wewe umepiga tarumbeta kwenye bendi miaka mingi, ndiyo maana unayasikia hayo. Mtoto wa kawaida atayasikiaje?

Mjomba: Atayasikia, dada yangu, pengine kuliko mimi. Mchukue dubu Baloo. Anaingia akiimba maneno yasiyo na maana yoyote, mwili mzima ukimtikisika, na kabla hajajitambulisha mtoto amekwisha kumpenda. Sauti yake ni ya Phil Harris, Mmarekani aliyekuwa kiongozi wa bendi na mchekeshaji wa redioni. Alipoletewa maneno yaliyoandikwa aliona hayamkai mdomoni, akaanza kuyasema kwa namna yake mwenyewe, na watengenezaji wakaupenda mtindo huo wakauacha. Katika filamu za aina hii sauti hurekodiwa kwanza na picha huchorwa baadaye, kwa hiyo wachoraji walimchora dubu huku sauti ya Harris ikiwa masikioni mwao. Tazameni pale anapojikuna mgongo katikati ya wimbo wake: anaanza na mti, mti unang'oka, anajikuna kwa huo uliong'oka, anahamia kwenye jiwe, na mwishowe anateleza mtoni na kuelea chali kwa raha zake. Hakuna anayehitaji kumweleza mtoto kwamba huyu ni mnyama asiye na haraka na maisha.

Binamu (Hamburg): Shikamoo Mjomba. Naunga mkono kutoka huku. Hapa Ujerumani filamu hii ni miongoni mwa zilizotazamwa na watu wengi zaidi katika historia ya majumba ya sinema ya nchi hii, na Wajerumani waliitazama kwa lugha yao, nyimbo zikiwa zimeimbwa upya kwa Kijerumani. Jirani yangu mwenye umri wa mama yangu anaujua wimbo wa Baloo kwa moyo, na wajukuu zake pia wanauimba.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Wimbo huo una historia yake. Mtunzi wa kwanza wa nyimbo za filamu hii alikuwa Terry Gilkyson, lakini Walt Disney, mtayarishaji wa filamu, aliona nyimbo zake zinaleta kiza, akazirejesha na kuwapa kazi ndugu wawili, Richard na Robert Sherman. Wimbo mmoja tu wa Gilkyson ulibakizwa, nao ndio huo wa dubu, na ndio uliopendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Nyimbo za hao ndugu wawili ni nzuri, lakini kama ningeambiwa nichague mmoja tu ubaki duniani, ningechagua huo wa Gilkyson.

Shangazi: Nawasalimu nyote. Shemeji, maneno yako yamenikumbusha ngano tulizosimuliwa na bibi yetu Pangani. Hakukuwa na ngano ya sungura wala ya fisi iliyokosa wimbo, na wimbo ulipofika sisi watoto tuliuitikia. Yule aliyekuwa mdogo kiasi cha kutoelewa kisa aliitikia vilevile, na ndivyo alivyoingia katika hadithi. Nikiangalia wajukuu mbele ya katuni za siku hizi, nyingi zina kelele mfululizo, na mtoto hapati mahali pa kuitikia.

Mjomba: Umenena, shemeji. Watakapofika kwenye kundi la tembo mtaona watoto wanaitikia kwa miguu. Kanali Hathi anawaongoza kwa wimbo wa gwaride, ngoma ikigonga hatua kwa hatua, na akitoa amri ya kusimama tembo wote wanagongana kwa nyuma. Yule mtoto wa tembo aliye mkiani mwa msafara ndiye watoto wadogo wanayemwangalia muda wote, kwa kuwa anajitahidi kufanya kila wanachofanya wakubwa.

Dada Mkubwa: Mjomba, yule mdogo wangu ana hofu ya nyoka. Chatu hatamsumbua?

Mjomba: Chatu huyo, jina lake Kaa, ni mnyama wa kuangalia kwa makini, na yule mdogo umkalishe karibu nawe. Hana ngurumo wala meno ya kuonyesha. Sauti yake ni laini mno, ni ya Sterling Holloway, ambaye miaka hiyohiyo alikuwa pia sauti ya Winnie the Pooh, yule dubu mpole wa watoto. Anamwimbia Mowgli, yule mtoto wa binadamu ambaye kisa kinamhusu, wimbo wa polepole wa kumwomba amwamini, macho yake yakizunguka duara za rangi, huku mwili ukimviringisha mtoto bila yeye kujua. Muziki wa wimbo huo ulikuwa umetungwa kwa ajili ya *Mary Poppins*, filamu nyingine ya Disney, haukutumika huko, ukaandikiwa maneno mapya. Ninauthamini sana kwa sababu unamfundisha mtoto jambo ambalo si rahisi kumweleza kwa mdomo, kwamba sauti tamu si lazima iwe sauti njema. Naye Kaa hushindwa kila mara, mkia wake unafungamana fundo, na hapo watoto hucheka hofu ikatoka.

Mama Mdogo: Mimi nina hoja nzito zaidi ya chatu. Yule mfalme wa nyani, King Louie, anaimba kwa mtindo wa jazi, muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi, na anachokiomba ni kuwa kama binadamu. Wengi wamelalamika kwamba hilo linagusa dhihaka za zamani dhidi ya watu weusi, na kampuni yenyewe ya Disney imeweka tahadhari kuhusu filamu hii katika huduma yake ya intaneti. Wajukuu zetu ni Waafrika. Sitaki tuwakalishe mbele ya jambo hilo kimyakimya.

Mjomba: Dada, una haki, na sitaki lipite kimyakimya. Sauti ya Louie ni ya Louis Prima wa New Orleans, Mmarekani mwenye asili ya Italia, mpiga tarumbeta hodari. Watengenezaji walikuwa wamemfikiria Louis Armstrong, wakaacha kwa kuona kwamba kumpa msanii mweusi nafasi ya nyani lingekuwa tusi. Kwa hiyo waliliona tatizo, lakini waliondoa sehemu yake tu, maana muziki ulibaki uleule na ombi lilibaki lilelile. Tena huyo mfalme hayumo katika kitabu cha Rudyard Kipling cha mwaka 1894. Humo nyani hawana kiongozi kabisa. Louie ni orangutani, na mnyama huyo ni wa Borneo na Sumatra, wala haishi katika misitu ya India ambako kisa kinatokea. Ni kiumbe cha watengenezaji wa filamu, na lawama ni yao. Ninaomba tusiikate sehemu hiyo, kwa sababu kimuziki ndiyo kilele cha filamu, Prima na Harris wakijibizana kwa maneno yasiyo na maana kama tarumbeta mbili. Ila wale wa miaka kumi kwenda juu wakae nawe baada ya filamu, uwaeleze kama ulivyotueleza sisi hapa.

Mama Mdogo: Hilo nalikubali. Nitakuja mwenyewe nizungumze nao.

Dada Mkubwa: Na kuhusu kitabu, Mjomba, nimekisoma shuleni, na humo Kaa ni rafiki wa Mowgli anayemsaidia kumwokoa kutoka kwa nyani. Haikukusumbua kwamba wamembadilisha kuwa adui?

Mjomba: Kwa anayekipenda kitabu inasumbua. Disney alitaka wahusika watangulie na kisa kifuate, na mwongozaji Wolfgang Reitherman akaifuata njia hiyo; hata sauti ya Mowgli ni ya mwanawe, Bruce. Ilikuwa filamu ya mwisho ya katuni ambayo Disney aliisimamia kwa karibu, kwani alifariki Desemba 1966 na filamu ikatoka Oktoba 1967. Kisa ni chembamba kweli, ni safari ya kumrudisha mtoto kijijini tu, lakini wembamba huo ndio unaompa kila mnyama nafasi ya kukaa nasi.

Binamu (Hamburg): Umemsahau Shere Khan.

Mjomba: Sijamsahau, nimemweka mwisho kama walivyomweka wao. Jina lake linatajwa tangu mwanzo, lakini simbamarara mwenyewe hatokei mpaka filamu imepita nusu. Akija, ni mtulivu, ana adabu, anazungumza kwa sauti ya George Sanders bila kuinyanyua. Hana wimbo wake, na katika filamu ambayo karibu kila mmoja anaimba, huyo asiye na wimbo ndiye anayetisha. Kisha sikilizeni tumbusi wanne wanapomwimbia Mowgli wimbo wa urafiki, sauti nne zikishikana vizuri: noti ya mwisho, ya chini kabisa, haitoki kwa tumbusi. Ni Shere Khan anayeumalizia wimbo akiwa nyuma yao.

Shangazi: Basi mimi ninaamua kwa umri wangu: ni ile ya mwaka 1967.

Dada Mkubwa: Nimekubali, Shangazi. Ya mwaka 2016 wakubwa wataitazama Jumapili walinganishe wenyewe.

Mjomba: Ninashukuru. Nitakuletea spika yangu kubwa, mwanangu, kwa kuwa spika za televisheni yako hazitaitoa noti ile ya Shere Khan.