Tupeane uzoefu: Kimbunga kimekukuta kabla hujakabidhiwa funguo za nyumba (Florida)

Wakuu mlioko Florida, msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na mimi natarajia kukabidhiwa nyumba mwezi wa tisa. Mliowahi kukwama, mlikwama wapi? Mkataba uliwasaidia?

Mama Wawili: Sisi ilikuwa kimbunga Ian, Septemba 2022. Mkopo umepita, mizigo iko kwenye maboksi, imebaki bima tu. Dalali akasema tutaikata wiki ya mwisho. Kumbe tahadhari ya kimbunga ikishatangazwa, kampuni za bima haziandiki bima mpya! Na bila bima benki haitoi hata senti. Tukalala kwa shemeji siku kumi na moja, watoto chini, sisi kwenye kochi. Kata bima wino wa mkataba haujakauka.

Kobe Taratibu: Bima tulikuwa nayo. Kimbunga kikapita, hata kigae hakikung'oka. Ila kaunti yetu ilitangazwa eneo la maafa, benki ikataka mkaguzi arudi kuitazama nyumba upya, na wakaguzi nao walikuwa na foleni. Huku muda ambao benki iliahidi kutonibadilishia riba ya mkopo ukaisha. Kuuongeza nikalipa mimi, kosa si langu.

Mzee wa Vipengele: Kobe, hapo ndipo watu wengi huumia. Mkataba wa FAR/BAR (fomu ya mauziano ya nyumba ya vyama vya madalali na mawakili wa Florida), unaotumika sana hapa, una kipengele cha majanga yasiyozuilika, na kukosekana kwa bima kumo. Tarehe husogezwa mpaka siku 7 baada ya kizuizi kuondoka. Kikiendelea zaidi ya siku 30 kupita tarehe ya makabidhiano, upande wowote unaweza kujitoa kwa maandishi na mnunuzi arudishiwe amana. Ila gharama ya kuongeza muda wa riba, au hoteli, usitegemee kipengele hicho. Iandikwe kwenye nyongeza ya mkataba, nani analipa, kabla ya kusaini.

Mama Wawili: Mzee, ungekuwepo 2022!

Taslimu Tupu: Mimi sikukopa, nikajiona mjanja. Bima ya mafuriko ya serikali (NFIP) ina siku 30 za kusubiri ndipo ianze kazi. Anayekata kwa ajili ya mkopo hasubirishwi, mwenye taslimu anasubiri. Niliikata siku ya makabidhiano, mwezi wa nane. Mwezi mzima huo nililala na redio sikioni.

Mleta mada: Nampigia dalali sasa hivi, bima kwanza. Mzee, hiyo nyongeza muuzaji akiikataa?