Pembe za picha zina giza, niuze lenzi?

Mwanga_Hafifu: Habari wakuu. Lenzi yangu pana ya mm 16 inanitesa. Katikati picha safi, pembe zote nne nyeusi. Jumamosi nina harusi ya watu, usingizi sipati. Niiuze?

MzeeWaFilamu: Giza la pembeni si ugonjwa, kijana. Kamera ya plastiki ya Holga, iliyotoka Hong Kong miaka ya 1980, ilipendwa kwa giza hilohilo. Picha ya marehemu mama niliichapa mwenyewe chumba cha giza, kwenye karatasi inayozidi kuwa nyeusi ikila mwanga: uso nikaukinga kwa kadi, pembe zikaendelea kula mwanga mpaka zikaiva. Ukiitazama, jicho linakwenda kwake moja kwa moja.

BintiKamera: Shikamoo mzee, ila mwenzetu ana harusi ya watu. Mkuu, ulipiga f ngapi, yaani tundu la lenzi ulilifungua kiasi gani? Tundu likiwa wazi kabisa, mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na kuta za lenzi yenyewe. Bana tundu hatua (stopu) 2 au 3, giza linapungua.

Mwanga_Hafifu: Nimejaribu f/2.8, tundu wazi, na f/11, tundu dogo. Ya f/11 ndiyo mbaya zaidi, giza lina ukingo kabisa, kama limekatwa kwa mkasi.

SinaImani: Chai hii. Tundu dogo hupunguza giza, tangu lini likaongeza? Huyu anatafuta mteja wa lenzi humu. Uzi ufungwe.

Tulizana: Vijana mnakimbilia vifaa. Jifunzeni mwanga kwanza.

BintiKamera: Inawezekana kabisa, SinaImani. Giza la lenzi yenyewe hufifia ukibana. Likizidi kuwa na ukingo mkali, kuna kitu kimeziba mbele. Mkuu, mbele ya lenzi umefunga nini?

Mwanga_Hafifu: Filta mbili. Ya kulinda kioo, na juu yake ya kukata mng'ao. Lakini sizitoi, kioo kikikwaruzwa nitamlilia nani? Halafu lenzi nimeshapatana na mtu, kesho anakuja kuichukua.

SinaImani: Si nilisema? Muuzaji huyo.

BintiKamera: Fungua zote, piga ukuta mweupe kwa f/11, weka hapa. Ile ya mng'ao kwenye lenzi pana hivyo hata anga haitoki rangi moja. Na usitegemee kompyuta: ukizinyanyua mwanga pembe zilizofifia unanyanyua na chenga, vile vidoadoa, na zilizozibwa kabisa hazina cha kunyanyua.

Mwanga_Hafifu: Nimeweka. Pembe zimefunguka, kimebaki kivuli chepesi. Ila neno nilishampa yule mtu.

MzeeWaFilamu: Hicho chepesi kiache kwa bibi harusi akiwa peke yake. Kwenye picha ya ukoo mzima kiondoe, waliosimama mwisho nao wanataka kujiona.

SinaImani: Picha ya ukuta nimeiona, nimekuelewa. Rudisha filta moja tu, ya kulinda kioo, na iwe nyembamba. Na huyo mnunuzi mpigie leo, asije akafunga safari bure.