Ulinganisho: soko la ghorofa, mtaa wa kufungwa jioni au gulio la wiki? Tumepewa wiki 2 tujibu

Mzani wa Kati (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya wafanyabiashara wadogo katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Juzi halmashauri ilituita, afisa biashara na mtendaji wa kata wakiwa meza kuu, tukaambiwa mtaa wetu hautaruhusiwa tena biashara ya kumwaga chini mchana. Tuchague:

1. Vizimba kwenye jengo la ghorofa 2 karibu na stendi mpya, kilomita 4 kutoka hapa.
2. Mtaa ufungwe kwa magari kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, kila mtu na eneo lake lililochorwa.
3. Gulio la siku 2 kwa wiki kwenye uwanja wa mnada.

Mwenzenu nimeshahamishwa mara moja, mwaka 2021, nikiwa mji mwingine. Nilipewa kizimba safi, bati jipya, sakafu ya saruji. Siku ya kwanza niliuza soksi jozi 3. Daladala hazikufika pale, na anayetaka soksi hapandi bodaboda kuzifuata; huzinunua akiwa anapita kuelekea nyumbani. Ushuru wa 500 nililipa kila siku, hata siku niliyorudi na mzigo wote begani. Mtaji wangu uliishia kwenye nauli.

Sitaki kuwaamulia wenzangu 140 kwa machungu ya zamani. Waliopitia haya naomba uzoefu.

---

Mkazi wa Ilala

Pole sana mkuu. Namba 1 ikatae mapema. Dar tunalo Machinga Complex pale Karume, lililojengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi waliopewa nafasi walizikimbia wakarudi barabarani, huku deni likibaki palepale. Mteja wa machinga hapandi ngazi. Mama mwenye mtoto mgongoni anashika shati, analinyoosha kwenye mwanga, anauliza bei, anaondoka hatua 5, anarudi. Mchezo huo unachezwa chini, kwenye mapito ya watu. Juu ghorofani hauchezeki.

---

Jumamosi ya Msalato

Naomba nitofautiane kidogo. Tatizo si jengo kwa maana ya jengo. Hapa Dodoma soko la wazi la machinga barabara ya Bahi halina ngazi za kupanda, liko usawa wa ardhi. Kwa hiyo uliza kwanza: ghorofa ya chini watakaa nani, na kura itapigwaje? Mara nyingi chini wanajikuta wenye mitaji, machinga halisi anasukumwa juu.

Kuhusu gulio, wengi mnalidharau. Mimi Jumamosi nipo mnada wa Msalato, na kwa miaka mingi siku hiyo moja imenilipia ada za watoto. Mtu anatoka nyumbani akijua leo ni mnada, fedha ameitenga. Kule Uchagani kila soko lina siku zake, mama anauza ndizi hapa leo, keshokutwa soko la jirani. Ila gulio lina masharti: lazima yawepo mengine jirani ya kuzungukia. Kama mji wenu una gulio moja tu, siku 5 zilizobaki mtakula nini?

---

Mwenye Mali, Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Huku sisi tumechezewa ngoma hii tangu zamani. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka 2008 ili kutoa wachuuzi katikati ya jiji. Liliwekwa pamoja na kituo cha matatu, kwa hivyo watu wako, si mahame. Hata hivyo wachuuzi wengi walirudi mjini, maana abiria wa jioni anatembea barabara za Tom Mboya na Moi Avenue kabla hajafika kituoni. Anayekutana naye kwanza ndiye anayemuuzia. Tangu hapo ni kukimbizana na kanjo, yaani askari wa jiji: leo unakunja mali kwenye shuka unatoroka, kesho uko palepale.

Mfano mwingine wa hapa ni Maasai Market, soko la shanga na vinyago. Haina jengo. Inahama kwa siku: Jumamosi iko maegesho ya Mahakama, Ijumaa kwenye jengo la maduka la Village Market, na siku nyingine kwingineko. Eneo ni la magari siku za kawaida, soko siku yake. Asubuhi ni lami tupu, saa 3 ni rangi tupu, usiku ni lami tena. Wanaoitafuta wanajua leo iko wapi, kwa sababu ratiba haibadilishwi ovyo. Mkichagua namba 2, kazanieni hilo: saa zisichezewe. Siku mtaa ukifunguliwa kwa magari bila taarifa, mteja anavunjika moyo, na ukimpoteza mara 2 harudi.

---

Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi idara ya biashara ya halmashauri zaidi ya miaka 20, kwa hiyo niwasemee kidogo na wale walio upande wa pili wa meza. Afisa biashara ana presha ya mapato ya ndani. Jengo linamrahisishia: vizimba vina namba, ushuru unakusanywa kwa mashine ya POS, taarifa inakwenda vizuri baraza la madiwani. Mtaa wa jioni unamtaka awe na watu wa kazi usiku, na halmashauri nyingi hazina. Hiyo ndiyo sababu wanasukuma namba 1. Si lazima iwe roho mbaya.

Mambo ya kuyakagua kabla ya kusaini chochote:

Mtaa ni wa nani? Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala uitwao TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS. Halmashauri ikiwaahidi kufunga mtaa bila barua ya mwenye barabara, ahadi hiyo ni ya mdomo tu. Nimeshaona watu wamepangwa vizuri, wiki ya pili wanawekewa alama za X nyekundu na mamlaka nyingine kabisa.

Ushuru wenu umeandikwa wapi? Sheria ndogo hupitishwa na baraza, husainiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo rasimu hutangazwa wananchi watoe maoni. Hapo ndipo pa kusemea, na watu hawaendi! Wanakuja kulalamika mgambo wakishafika.

La mwisho, choo. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeshuhudia akina mama wakikaa kwa muda wa saa 9 bila kunywa maji ili wasihitaji kwenda. Mtaa wa jioni bila choo, taa na gari la taka saa 4 usiku utafungwa na bwana afya ndani ya miezi 3, naye atakuwa na haki.

---

Kigali Kwetu

Huku walijenga masoko madogo kwa ajili ya waliokuwa wanauza barabarani, na wakati huohuo wakaweka faini ya faranga 10,000, kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Barabara ni safi kweli. Lakini dada yangu aliyekuwa anazungusha parachichi kwenye beseni aliacha biashara kabisa, hakuhamia sokoni. Mji ukiwa safi, muulizeni na yeye yuko wapi.

---

Mtoka Tanga, Leicester

Mzani wa Kati, nakuongezea la huku Uingereza kwa sababu linagusa karatasi mtakayopewa. Kwa sheria ya 1982, halmashauri inayotaka kusimamia biashara za mitaani inaweza kuigawa mitaa kwa aina 3: iliyopigwa marufuku, ya leseni, na ya kibali. Leseni na kibali vinafanana machoni, lakini havifanani kabisa. Mwenye leseni hawezi kunyimwa au kufutiwa ila kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria, na anaweza kukata rufaa mahakamani. Mwenye kibali anaweza kufutiwa wakati wowote.

Kwa hiyo ukishika hicho kikaratasi chenu, usitazame muhuri kwanza. Tafuta pameandikwa wapi kwamba kitafutwa kwa sababu zipi, na utapewa siku ngapi. India sheria yao ya wachuuzi ya 2014 imeweka notisi ya siku 30 kabla ya kuhamishwa, na kamati ya mji inayogawa maeneo lazima wachuuzi wenyewe wawe angalau asilimia 40, theluthi yao wanawake. Utekelezaji unalegalega miji mingi, ila angalau mtu ana kifungu cha kushika.

---

Mzani wa Kati (mleta mada)

Asanteni sana, nimesoma yote mara 2 na nimewasomea wenzangu kwa sauti.

Tulichofanya jana: tuliwaweka vijana 3 sehemu 3, kila mmoja na kopo 2 na maharage. Kila anayepita kwa miguu, punje moja inatoka kopo hili inaingia lile. Saa 11 hadi saa 1 jioni. Kijana wa mtaani kwetu kopo lilijaa kabla hata adhana ya Magharibi, akaomba jingine kwa mama ntilie. Wa stendi mpya maharage yalifunika kitako cha kopo tu. Wa uwanja wa mnada alirudi na punje anazoweza kuzishika kiganjani, ingawa haki ni kwamba jana haikuwa siku ya mnada, na huko tutarudia.

Wengi wanaelekea namba 2. Wanaoipinga ni wauza mboga, kwa sababu mchicha hausubiri saa 11 jioni. Mama mmoja wa dagaa aliniuliza asubuhi akae wapi, na sikuwa na jibu. Kwa hiyo tunapendekeza mboga na samaki wabaki mchana upande mmoja wa mtaa, ule wenye kivuli, meza zisizidi mita 1 kutoka ukutani ili watembea kwa miguu wapite. Wengine wote jioni.

---

Afisa Mstaafu

Hapo kwenye mita 1, pimeni na mtaro. Meza ikikaa juu ya mfuniko wa mtaro watawaondoa siku ya kwanza ya mvua. Na hesabu hiyo ya maharage iandikeni tarehe, saa na majina ya waliohesabu, muiambatanishe. Madiwani wengi hawajawahi kuletewa kitu kama hicho.

---

Mzani wa Kati (mleta mada)

Kesho saa 2 asubuhi tunakutana pale na kamba ya kupimia, diwani amekubali kuja, na mhandisi wa TARURA amesema atamtuma mtu. Mama wa dagaa nimemwomba awepo. Kopo la maharage nalo nalibeba.