Tupeane uzoefu: mtu wako akiwa ng'ambo bila makaratasi

Wa Rongai
Asubuhi kwenye matatu redio ilikuwa juu, watangazaji wanabishana kama Marekani iwasamehe waliojikalia bila makaratasi au iwafukuze wote kwa sababu eti wanakula kodi ya wenyewe. Gari zima likaingilia. Dereva ndiye alikuwa mkali kuliko wote, na mimi namjua, dada yake yuko Dallas! Basi wadau, mwenye mtu huko, au aliyeishi hivyo mwenyewe, aseme. Siasa tuache nje.

Mzee Kijiko
Siasa tuache nje halafu tuongee nini?

Mama Tito
Nitasema ya kaka yangu. Aliingia Boston kwa viza ya kutembea, akabaki. Analisha na kuosha wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee, zamu ya usiku. Karo yangu ya chuo ni yeye. Mabati ya nyumba ya mama ni yeye. Mama akafariki, kila anayefika matangani swali ni moja, "Anaingia lini?" Utaanza kumweleza nani? Sheria yao ya 1996 inasema ukipitiliza mwaka mzima halafu ukatoka mwenyewe, umefungiwa mlango miaka 10. Na ana watoto kule.

Hakuja. Siku ya mazishi mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushika simu. Kwao jua halijatoka vizuri, yuko ndani ya gari nje ya kazini, bado amevaa zile nguo za buluu. Pasta ananikazia macho, anafikiri natafuta picha za kuweka mtandaoni. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, makusudi, "Pesa anajua kutuma, miguu ndiyo haina nauli." Alisikia. Ilipofika kutupa udongo akaniambia, "Nitupie na wangu." Nikainama kuchota, simu ikageukia watu miguuni, na bando ikaisha hapo hapo. Nikakopa Okoa Jahazi nikiwa nimesimama kando ya kaburi. Kurudi hewani, vijana washaanza kufukia kwa sepetu. Aliandika neno moja tu: "Uliweka?" Nikamjibu niliweka.

Achieng' P.
Woiye. Pole sana mama.

Kanyaga Pole
Nimesoma nikashuka stage mbili mbele ya yangu.

Mzee Kijiko
Pole kwa msiba. Lakini tuambiane ukweli. Viza aliombea kutembea. Mgeni akikuomba maji ya kunywa, ukimgeukia amepanga viatu chini ya kitanda chako, utamwita nani? Watoto wanasoma bure, wakiugua wanatibiwa. Bili ni ya nani?

Kalamu Nyekundu
Ya shule iliamuliwa na Mahakama ya Juu yao 1982, mtoto hafungiwi nje ya shule ya umma kwa sababu ya makaratasi. Ya dharura hospitalini ni sheria ya 1986. Lakini hao watu wanalipa kodi, mzee. ITEP, taasisi ya Marekani inayochunguza kodi, ilikadiria kwamba 2022 walilipa dola bilioni 96.7, na bilioni 25.7 kati yake zikaingia kwenye pensheni ambayo wengi wao hawataionja.

Mzee Kijiko
Nyingi zinaingia kwa serikali kuu. Mwalimu analipwa na mji. Umeona shida?

Kalamu Nyekundu
Hapo umesema. Ripoti ya 2016 ya National Academies, taasisi za sayansi za Marekani, ilisema karibu hivyo hivyo kuhusu wahamiaji wa kizazi cha kwanza kwa jumla: gharama huangukia majimbo na miji, hasa kwa kusomesha watoto. Watoto hao wakikua ndio wanaolipa kodi kuliko karibu kila mtu.

Shem wa Diaspora
Na tangu Januari 2026, ukituma kwa pesa taslimu kutoka Marekani kuna kodi ya asilimia 1 juu, uwe na makaratasi usiwe nayo. Shangazi ajue.

Kitanda cha Deira
Mimi msamaha niliuona kwa macho, Dubai 2024. Nilienda kwa viza ya kutembea, ajenti ameniapia kazi ya supermarket inanisubiri. Hakuna cha supermarket. Viza ikaisha, faini dirham 50 kila siku inayokucha. Unalala ukihesabu deni. Jino likaoza nikawa natafuna karafuu, hospitali unaogopa kuulizwa kitambulisho. Msamaha ulipotangazwa Septemba, tukapanga foleni kituo cha uhamiaji cha Al Awir kwenye jua, faini ikafutwa yote na hawakunipiga marufuku kurudi. Jirani yangu wa kitanda cha juu alipata mwajiri, akabaki kihalali. Mimi nilitaka JKIA tu.

Mzee Kijiko
Huo ndio msamaha wa akili. Rekebisha au toka. Rais Reagan na sheria yake ya 1986 aliwapa makaratasi watu kama milioni 2.7, na wengine wakaendelea kuja.

Kalamu Nyekundu
Wakaendelea kuja kwa sababu waajiri hawakubanwa, na hiyo ilikuwa nusu ya sheria yenyewe.

Section One
Nyinyi mko Marekani, mimi niko Eastleigh. Aprili 2014 wakati wa msako polisi walimchukua mjomba wangu mlangoni, kipande kiko mkononi. Mkenya wa Garissa. Waliomchukua hata hawakukisoma. Maelfu walijazwa uwanja wa Kasarani. Malori, chakula, walinzi, hiyo gharama mliwahi kuitoa kwa hesabu zenu?

Mzee Kijiko
Usalama ni kitu kingine.

Section One
Ukiwa nje ya lori, ndiyo.

Achieng' P.
Kijiko, na suti zako nani anashona? Si yule Mkongo wa Kawangware? Makaratasi yake umewahi kumwomba?

Mzee Kijiko
Yule ni fundi mzuri. Msinivurugie.

Kalamu Nyekundu
Sisi wenyewe tumewahi kusamehe. Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi 2016, wakatambuliwa kuwa raia. Washona, kabila la Zimbabwe, walikuja miaka ya 1960, uraia wao Uhuru alitangaza Jamhuri Dei ya 2020. Sijaona nchi imeanguka.

Kanyaga Pole
Mama Tito, mwambie kaka atafute wakili wa uhamiaji, siyo broker wa kanisani.

Shem wa Diaspora
Mwambie akae kimya, asijaze fomu yoyote saa hii.

Wa Rongai
Au aoe. Wanawake Boston hawajaisha.

Mama Tito
Ameoa. Mke pia hana.

Ajira Gulf Agency
Salaam wadau, nafasi za usafi na ulinzi zipo, viza ya kutembea kwanza halafu kazi unapata ukifika. Karibu inbox.

Kitanda cha Deira
Wewe! Hebu leta jina la yule ajenti wenu tulinganishe na wangu.